Fundi Aliyejenga Nyumba Yetu

Cyangugu, Rusizi
Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2023

Dada yangu mpendwa Mugwaneza,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, shemeji yangu, watoto na wajukuu wote mlioko huko Lubumbashi. Habari ya afya yako? Ile miguu iliyokuwa inavimba ukisimama muda mrefu, imetulia? Na shemeji, tangu apate pensheni ya reli, bado anaamka saa kumi na moja kama mtu anayengojea treni? Nawawaza sana, na mwezi huu wa Rozari nawataja kila siku kwa majina, mmoja mmoja, hata yule mdogo ambaye sijapata kumwona.

Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Gasaro anakusalimu sana, anasema mke wa kaka hasahauliki hivyo, mwaka mzima bila hata kitenge kimoja. Wale wakubwa wawili wako Kigali, na mdogo anamaliza sekondari. Karakana yangu ya mbao bado iko Kamembe, nyuma ya soko, pale karibu na jirani yetu wa zamani Karim, fundi wa kuchomelea milango. Mvua imeanza vizuri mwaka huu na maharagwe yameota.

Najua utajiuliza kwa nini nimeshika karatasi wakati simu ipo. Dada, kuna maneno ambayo kwenye simu yanakatika katikati, na mtu anapata nafasi ya kusema "nitakupigia baadaye" asipige. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Inahusu nyumba. Usishtuke, haijaanguka wala haijaungua. Lakini kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ya umuganda watu wote wanapotoka kufanya kazi za mtaa, nahitaji neno lako la kuandika kwa mkono, kusema kama unakubali nyumba ile itoke mikononi mwetu au unakataa. Kwenye hati ya paruseli, yaani ya kiwanja, tumeandikwa wawili, wewe na mimi, na mimi peke yangu siwezi. Nakuomba usiruke kwenda mwisho. Soma taratibu, maana mwisho peke yake utakuumiza bure.

Kwanza nikwambie habari za mji, kwa sababu mambo yote yameanzia hapo. Tangu ulipokuja kumzika Papa wetu ni miaka ishirini, na ukija leo utapotea. Kamembe imepanda. Zile nyumba za mabati za pale juu zimekuwa maghorofa, soko ni la kisasa, barabara ya kwenda Bugarama ina lami na taa. Malori ya mchele wa Bugarama na chai ya Shagasha yanapita usiku na mchana. Waislamu wa Kamembe bado wako pale pale kuzunguka msikiti, wanauza vipuri na vitambaa, wanashona, wanachomelea, na ukitaka kusikia Kiswahili kama tulichokua nacho Bukavu, pita kule saa za alasiri. Chini huku Cyangugu ndiko kumebaki kimya. Ile barabara kuu ya Wabelgiji inateremka mpaka ziwani kama zamani, na nyumba za zamani nyingine zimebaki kuta tu, miti imeota ndani. Pale Rusizi ya Kwanza akina mama wanavuka darajani tangu alfajiri na mabeseni ya nyanya na nyama, wanarudi na vitenge, na wapagazi wanagombana kama walivyokuwa wanagombana tukiwa wadogo, wakati sisi tulikuwa tunalitazama daraja hilo kutoka upande wa pili.

Sasa mwanzoni mwa mwaka huu walianza kusema kwamba mji una urithi na urithi huo unapotea. Wakaunda kamati. Aliyepewa kazi ya kuzunguka na kuandika ni binti mmoja anaitwa Isimbi, amesoma chuo kikuu, mwembamba, mwenye adabu, anatembea na daftari na simu ya kupiga picha. Akaandika nyimbo za wavuvi wa sambaza, wale wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Akaenda kisiwani Nkombo kusikiliza wazee wanavyosema lugha yao. Akaenda Mibirizi kwenye misheni ya zamani, akaenda Bugarama kuuliza habari za maji ya moto ambako watu walikuwa wanapeleka migongo yao. Kwa Karim akapiga picha mbao za chuo, zile babu yake alizoandikia aya kwa wino wa masizi. Halafu akaja kwetu.

Alikuja kwa sababu ya klostra. Unakumbuka, yale matofali ya simenti yenye matundu, kwenye ukuta wa veranda. Nyumba nyingi za zamani zina klostra za mraba au za maua, lakini zetu zina samaki watatu watatu, na asubuhi jua likipita samaki wanalala sakafuni. Isimbi alipoziona alikaa chini kabisa, akasema mji mzima amezunguka hajaona kitu kama hiki. Akauliza nyumba ni ya nani. Nikamjibu kwamba ni ya Mzee Muhigirwa, katekista, marehemu baba yangu. Akaandika. Akauliza ni ya mwaka gani. Nikasema sikumbuki vizuri, labda sabini na kitu.

Wewe unajua, Dada, hatukuijenga sisi. Uliingia ndani yake pamoja nasi mwaka tisini na nne, ukalala chumba cha nyuma mpaka ulipoolewa. Unakumbuka tulivyovuka daraja na magodoro kichwani, Papa akilia kwa sababu alikuwa ametoka nchini akiwa kijana mdogo na anarudi na mvi, na nyumba zilikuwa wazi, tupu, wenyewe wamevukia upande tuliotoka sisi. Unakumbuka Papa alivyokwenda ofisi ya komini siku ile ile, kabla hata ya kutandika kitanda, akaandikisha kwamba ameingia kwa muda, na mwenyewe akija atatoka. Kila jioni baada ya sala alikuwa anaturudishia maneno yale yale: humu sisi ni wageni, fagieni vizuri.

Nilifikiri Isimbi ataandika tu kwamba nyumba ni ya fulani. Mwezi wa saba akarudi na karatasi ya kibao kitakachofungwa ukutani, nisome kama kuna kosa. Kimeandikwa kwa lugha tatu. Kwa Kiswahili kinasema: Nyumba hii ilijengwa na katekista Muhigirwa, ambaye matofali yake ya samaki ni ubunifu wa pekee katika mji wetu. Nilisoma mara mbili. Nikaona jina la Papa limekaa vizuri. Nikamwambia hakuna kosa.

Na ukishaanza hurudi nyuma. Isimbi alitaka kujua Mzee alimimina vipi simenti ikatoka na samaki. Dada, mimi najua mbao tu. Nikasema alichonga kalibu ya mti wa mkaratusi. Nikamwonyesha hata kwa mikono, hivi na hivi, patasi ikipita hapa. Akapiga picha ya mikono yangu. Karim alikuwa amekuja kuazima randa, akasimama anasikiliza, na binti alipoondoka akaanza kunicheka. Akasema eti Mzee Muhigirwa aliyekuwa anaogopa kupigilia msumari wa kutundikia kalenda ndiye huyo leo mchonga kalibu? Tena mbao ikinywa maji ya simenti inavimba, mkia wa samaki mwembamba namna ile ungetokaje? "Sipriani, weye unadanganya mpaka mbao!" Alicheka akaenda zake. Mimi nikabaki natazama ukuta. Hata yeye hakujua alichokisema, kwa sababu Karim alihamia mtaa wetu baadaye, na watu wengi wanafikiri Papa alinunua.

Tarehe kumi na sita ya mwezi uliopita yakafanyika maonyesho ya urithi pale Kamembe. Watu walileta vibuyu vya maziwa, ngoma, mikuki, cherehani za zamani, misale ya Kilatini. Picha ya ukuta wetu waliikuza kubwa kuliko mlango, wakaniweka mimi mbele yake kwenye kiti ili wageni waniulize. Nilivaa koti la Papa. Nilieleza habari ya mkaratusi labda mara ishirini, na kila mara ilikuwa inatoka laini zaidi.

Walikuwepo pia akina mama wa ushirika wa kusuka vikapu kutoka Gitambi, meza yao ilikuwa jirani na yangu. Mchana mmoja wao, wa miaka kama thelathini na nane hivi, akaacha vikapu akaja kusimama mbele ya picha. Alisimama muda mrefu. Mimi nilikuwa naeleza wageni wawili. Nilipofika kwenye kalibu ya mti, mama yule akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemsahihisha mtoto, kwamba haikuwa mti. Ilikuwa bati la pipa la mafuta, limekatwa na kukunjwa, na kabla ya kumimina lazima upake mawese hata kwenye pembe za ndani, usipopaka samaki anavunjika mkia. Akaonyesha kidole chake cha shahada, akasema kidole hiki ndicho kilikuwa kinapaka, kwa kuwa kilikuwa chembamba kinaingia.

Watu wakacheka. Mwenzake wa mezani akampigia kelele, "Weye mama Mukeshimana, rudi huku, wa Gitambi anajua wapi habari za klostra, anajua mihogo!" Mgeni mmoja akaniuliza, je, mama anasema kweli? Wote wakanigeukia, mimi mwana wa mwenye nyumba, nimevaa koti.

Nikasema labda kulikuwa na mafundi wengi, kila mmoja na namna yake.

Mama yule akaniangalia kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vikapu vyake. Hakunitambua. Mimi nilimtambua kabla hajamaliza kuongea.

Dada, sasa nimefika mahali ambapo nilichana karatasi mara tatu. Bwana anisaidie.

Wewe na Papa, na watu wote, mliamini kwamba mwenye nyumba hakuja kamwe. Papa alikufa akiamini hivyo. Siku zake za mwisho alikuwa bado ananiuliza kama hakuna mtu aliyepita kuulizia, na mimi nilikuwa namjibu hapana, Papa, hakuna, lala. Mtu alikuja. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka tisini na saba. Papa alikuwa Mibirizi kwenye mafungo ya makatekista, wewe ulikuwa umeshaolewa. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Alikuja mtoto wa kike wa miaka kumi na mbili hivi, miguu imepasuka, amefunga kipande cha kitenge kiunoni. Hakubisha hodi. Nilimkuta ukutani, ametia kidole kwenye tundu la samaki. Akanisalimu kwa adabu, akaniuliza kama hapa bado ni kwa Nsabimana mwashi. Akasema Nsabimana ni baba yake, amekufa porini Kongo, njia ya Shabunda, na mama yake ni mgonjwa, wamefikia kwa wajomba Gitambi. Mama amemtuma aje kuangalia tu kama nyumba ingali inasimama na nani yumo.

Wakati ule nilikuwa nimebakiza wiki mbili kupeleka mahari kwa akina Gasaro. Nilikuwa nimewaambia kwamba nina nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo mtu hawezi kuniambia ondoka. Hizo si sababu, nakuambia tu yaliyokuwa kichwani mwangu.

Nikamwambia yule mtoto kwamba baba yake aliiuza nyumba. Nikasema aliiuza kwa baba yangu, kule Bukavu, kabla hawajaingia porini, akapokea pesa zote mkononi, na karatasi ziko komini. Niliyasema bila kutetemeka. Akaniuliza, pesa zote? Nikamwambia zote. Akatoa kidole chake tunduni. Halafu nikaingia ndani nikamletea viazi na sambaza kwenye jani la mgomba, akala amesimama, akasema asante kaka, akateremka barabara. Sikumwona tena mpaka siku ya maonyesho.

Papa aliporudi kutoka mafungo aliniuliza habari za nyumbani, nikamwambia kumekuwa kimya.

Na si hilo tu. Wakati wa Gacaca, zile kesi za mauaji zilizosikilizwa mitaani, nilihudhuria kila Jumatano, watu wakanisifu kwamba napenda haki. Kweli ya Mungu ni kwamba nilikuwa nasubiri kusikia jina la Nsabimana. Nilitamani mtu mmoja tu asimame aseme kwamba alishika panga, ili nami nipumue. Nilikaa kwenye nyasi zile miaka, nikisikiliza yaliyowapata ndugu zetu waliobaki, mambo ambayo mtu akiyasikia angepaswa kulia tu, na mimi katikati ya kilio cha watu nilikuwa nangojea jina. Hakuna aliyemtaja kwa ubaya. Mwanamke mmoja mjane alimtaja mara moja, akasema mwashi Nsabimana alimfungulia nyuma ya nyumba apite kuteremka ziwani. Nyuma ya nyumba hiyo, Dada. Ule mlango wa jikoni. Nilikwenda nyumbani nikaupaka rangi.

Halafu mwaka elfu mbili na kumi na moja walipokuja kupima mashamba na viwanja na kuandika wenyewe, nilitia sahihi kwamba ni mali ya baba yetu, nikakuandikisha wewe na mimi. Ulifurahi kwenye simu. Kwa hiyo jina lako nimeliweka juu ya jambo usilolijua, na hilo nakuomba unisamehe peke yake, mbali na mengine.

Baada ya maonyesho sikuweza kumaliza Rozari. Nilikuwa nafika kumi la pili nasahau nilipo. Nilikwenda kuungama. Padiri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba Mungu anaweza kunisamehe hapa hapa kwenye kiti hiki, lakini mama yule bado hajaulizwa. Akasema malipizi yangu yako Gitambi, si kanisani.

Usiku huo nikamwambia Gasaro. Nilifikiri atalia. Aliendelea kuchambua mchele, halafu akaniuliza kama yeye aliolewa na mimi au aliolewa na veranda. Nikamjibu sijui. Akasema basi yeye anajua, na kama ni kupanga chumba Kamembe tutapanga, tumekwisha lala kambini kubaya zaidi. Kisha akaniambia kitu kilichonichoma: kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaona ninavyoamka kila gari likisimama nje, na alifikiri nina mwanamke.

Jumanne iliyopita nikaenda Gitambi. Jina nililipata kwa Isimbi, kwenye orodha ya ushirika. Pikipiki iliniacha kwenye barabara nikateremka kwa miguu. Nilimkuta Mukeshimana anamenya mihogo mbele ya nyumba yake, nyumba ya udongo, safi, imefagiliwa. Akanitambua kutoka maonyesho. Akacheka, akaniita mzee wa mkaratusi, akaniuliza kama nimekuja kujifunza kupaka mawese. Akanipa kigoda. Nilishindwa kukaa.

Nikamwambia mimi ndiye kijana aliyemkuta ukutani mwaka tisini na saba. Akasema anamkumbuka kijana yule, alimpa sambaza, na siku ile alikuwa hajala tangu jana yake. Nikamwambia, ndiyo, ni mimi, na nilikudanganya. Baba yako hakuuza nyumba. Hakumwona baba yangu hata siku moja. Hakupokea pesa yoyote.

Kisu kikasimama. Dada, nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nilikuwa nimejitayarisha hata kwa mawe. Nilijua nimeiba nyumba. Sikujua nimeiba nini kingine.

Akaniambia, polepole, bila kuniangalia, kwamba siku ile alirudi Gitambi akampa mama yake jibu nililompa. Mama yake akauliza mara nyingi, aliuza? Lini? Pesa ziko wapi? Maana porini walikuwa na njaa, walizika watoto wawili, na mume wake hakuwahi kutoa hata noti moja ya kununua chumvi. Mama akaona kwamba basi alikuwa na pesa akazificha. Au alikuwa na mwanamke mwingine kambini, akampa yeye. Tangu siku ile mama yule hakutamka jina la Nsabimana. Alikataa kumwombea Misa. Kila tarehe mbili ya Novemba, watu wakipeleka majina ya marehemu wao parokiani, yeye alikuwa anapeleka majina ya watoto na kumwacha baba yao. Miaka kumi na miwili. Alikufa mwaka elfu mbili na tisa, na kitandani aliwakataza wasimtaje kwenye mazishi. Na Mukeshimana mwenyewe, akaniambia, amezaa watoto wanne na hakuna hata mmoja aliyempa jina la babu yao. Wale watoto wanajua jambo moja tu juu ya babu yao, kwamba aliuza nyumba ya bibi akala pesa.

Nilipiga magoti kwenye maganda ya mihogo. Nikamwambia nyumba ni yake, nitahama, nitaandika popote anapotaka, nitasema mbele ya kamati na mbele ya kanisa. Akaniambia ninyamaze. Akasema habari za nyumba zitakuja kwa wakati wake.

Akasimama akapaza sauti kuelekea shambani, akawaita watoto. Wakaja watatu na majembe, wa nne alikuwa anatoka kisimani. Jirani mmoja pia akaja kuona kuna nini. Akawapanga mbele yangu kama watu wanaopigwa picha, mimi ningali nimepiga magoti, akaniambia, "Sema tena." Nikasema, babu yenu Nsabimana hakuuza nyumba. Akasema tena, sema sauti, huyu mkubwa hasikii vizuri sikio moja. Nikasema kwa sauti. Akaniuliza, alikula pesa? Nikasema hakula, hakuwa nazo, mimi ndiye nilisema uongo ili nikae ndani ya nyumba yake. Akaniuliza kalibu ilikuwa ya nini. Nikasema ya bati la pipa. Na nani alikuwa anapaka mawese? Nikasema ni wewe. Hapo akajifunika uso na kitenge, akalia kama mtoto, akisema Papa, Papa, nisamehe Papa, na mimi sikuwa na haki hata ya kumshika bega. Yule mkubwa ndiye alimshika.

Nilipoondoka hakunisindikiza na sikutegemea. Aliniambia jambo moja tu: kwamba tarehe mbili Novemba atapeleka jina parokiani, na nisije siku hiyo, lakini baada ya hapo nije tuongee.

Kwa Isimbi nimekwishakwenda. Alikasirika, na ana haki, kibao kilikuwa tayari kimechapwa. Halafu akalia kidogo. Atachapa kingine, chenye jina la Nsabimana, mwashi, na kitafungwa siku ya umuganda mbele ya watu, na mimi nitasimama pale nieleze kwa nini cha kwanza kilikuwa na kosa. Karim nimemweleza pia. Hakucheka safari hii. Amesema atanitafutia chumba karibu na karakana, kwa jamaa yake, na amekwisha sema nipunguziwe kodi.

Iliyobaki ni nyumba yenyewe, Dada, na hapo ndipo ninapokungojea. Najua ulitaka kuja kuzeeka huku. Najua chumba cha nyuma ulikuwa unakihesabu kuwa chako, na shemeji hana kitu kingine baada ya reli. Sikulazimishi, maana nimekwisha amua mambo mengi badala ya watu wengine. Ofisi ya ardhi wanasema bila sahihi yako hati haiwezi kubadilika hata nikilia damu. Ukikubali, andika kwa mkono, taja namba ya paruseli niliyoiweka nyuma ya ukurasa huu, tia sahihi, na uambatanishe nakala ya kitambulisho chako. Ukikataa, andika pia, nami nitakwenda Gitambi kumwambia mwenyewe, kwa sababu sitaki tena mtu mwingine abebe jibu langu. Na kama una hasira nami, iandike yote, usiipunguze.

Nisalimie shemeji na umsomee barua hii yote, usimfiche. Nisalimie watoto, na umbusu yule mdogo kwa niaba ya mjomba asiyemjua. Gasaro anasema hata kama tutakuwa na chumba kimoja, kitanda chako kitapatikana. Mwenyezi Mungu awalinde, na Bikira Maria awafunike.

Dereva anayeleta barua hii atakaa Lubumbashi siku tano tu kabla ya kurudi. Tafadhali, Dada yangu, nijibu upesi, kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako,
Byiringiro Sipriani